Umeangalia Mfukoni, Mzee?

Ukitaka kumjua mama waliyemwita Upepo, usimtazame usoni. Uso wake aliufundisha zamani kutulia kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Mtazame mkono wa kushoto. Sahani tatu zilikaa juu ya mkono ule bila kugombana: moja kwenye vidole, moja kwenye kiganja, ya tatu imejiegemeza karibu na kiwiko kama mgeni asiye na haraka. Kwenye kikunjo cha kiwiko kulikuwa na kovu la supu la mwaka wake wa kwanza kazini, jeusi na laini kama kokwa ya tende. Mkono wa kulia aliuacha huru, wa kujazia maji, kuvutia viti na kufukuzia nzi.

Jina la Upepo alipewa na wenzake kwa sababu ya mwendo. Alipita kati ya meza mteja asisikie kitu, akigeuka anakuta glasi yake imejaa na hajui nani kaijaza. Nyumbani alikuwa mama wa binti mmoja aliyekuwa sekondari. Baba wa binti alikwenda mbali kutafuta kazi, akaipata, na juu ya kazi akapata mke mwingine, basi hakuona sababu ya kurudi. Upepo hakumlilia sana. Alisema mzigo ukijitua wenyewe, mbebaji hashiki kichwa. Akafunga aproni, akamlea mtoto kwa sahani za watu.

Mkahawa wenyewe ulikuwa chini ya jengo la ofisi, kwenye barabara yenye maduka. Ulikuwa na feni mbili, moja ikizunguka na nyingine ikimtazama mwenzake anavyofanya kazi. Mbele kulikuwa na kaunta ya mbao, upande wa barabara dirisha kubwa, na nyuma mlango wa jikoni usio na kitasa, wa kusukumwa kwa kiuno, maana hakuna mhudumu anayefika pale mikono mitupu. Karibu na mlango huo palikuwa na meza ndogo ambayo hakupewa mteja yeyote. Hiyo ilikuwa ya Mzee Kitambaa.

Mzee Kitambaa ndiye aliyemfundisha Upepo kazi. Sasa miguu yake ilikuwa imechoka, na mwenye mkahawa aliona haya kumfukuza, kwa hiyo alimwacha akae pale akunje vitambaa vya meza viwe kama pembe. Huku akikunja, alisema. Alikuwa amewahi kuitwa kila jina la kazi ile, na kila jina alijua lilikotoka, kama mtu anavyojua mbwa aliyemuuma ni wa nyumba gani.

Zamani tuliitwa boi, alikuwa akiwasimulia wageni wa kazi. Neno hilo kwa wenyewe waliolileta ni mtoto wa kiume tu, wa kutumwa maji. Naye wakati huo alikuwa ameshaanza kuota mvi, ana watoto wanaomsubiri nyumbani, lakini bwana akipiga makofi ni njoo boi, toka boi. Bwana huyo alikuwa na mbwa. Kule jikoni mbwa yule walimwita Bwana Mkubwa, na akibweka mpishi husema kwa heshima zote kwamba Bwana Mkubwa anataka mfupa, nani ampelekee.

Baada ya boi likaja weita. Hilo nalo ni la lugha ileile, na maana yake ni mtu wa kungoja: asimame pembeni, macho mezani, angoje mwenzake atafune. Kisha siku moja meneja fulani akabandika tangazo ukutani kwamba kuanzia leo wote ni wahudumu, watu wakafurahi wakadhani wamepandishwa cheo. Mzee Kitambaa alicheka mpaka vitambaa vikamwanguka. Huduma, aliwaambia, ni neno lililotoka Uarabuni, na ndugu yake wa tumbo moja ni hadimu, na hadimu ni mtumwa.

"Kwa hiyo wanangu, chagueni," alikuwa akisema. "Mtoto, mngojaji, au mtumwa aliyefungwa tai. Mimi neno lenyewe haliniumi. Kinachoniuma ni namna kinywa kinavyolitema."

Halafu huwarithisha dawa yake. Wateja wana neno moja kwa ajili yetu sote, alisema, basi nasi tuwe na jina kwa kila mmoja wao. Na ndivyo ilivyokuwa. Oda hazikuingia jikoni kwa meza, ziliingia kwa majina. Palikuwa na Bibi Rudisha, ambaye hakuwahi kula sahani ya kwanza, lazima aipeleke jikoni ikazunguke irudi. Palikuwa na Mwalimu Nusu, nusu wali, nusu mchuzi, na hata salamu aliitikia nusu. Palikuwa na Kaka Feni, aliyekuwa radhi kula amesimama kuliko kukaa mbali na ile feni nzima. Sheria ilikuwa moja tu, na hiyo haikuvunjwa: jina la jikoni hufia jikoni. Halivuki mlango wa kusukuma.

Mwenye duka la fanicha lililotazamana na mkahawa walimwita Bwana Kochi, na kwa umbo jina lilimkaa. Meza yake ilikuwa ya dirishani. Alivua koti akalitundika mgongoni mwa kiti, akapiga makofi, akasema, "Weita," kama mtu aliyekutana na mwiba wa samaki. Alikula pale miaka, Upepo akimhudumia karibu kila siku, na hakuwahi kumuuliza jina wala hali. Upepo hakuona ajabu. Mti hauulizwi jina na anayekaa kivulini.

Sasa sikia kilichotokea.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, mkahawa umejaa. Binti yake Upepo alikuwa amesahau ufunguo wa nyumba, akapitia pale kutoka shuleni kuuchukua. Alisimama karibu na kaunta na sare yake, mkoba kifuani, akingoja mama yake atue sahani. Bwana Kochi alimaliza kula, akainuka, akajipapasa kifua cha shati, akainua sahani akachungulia chini yake, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba kwamba simu yake haipo.

"Nani amefika mezani hapa? Ni huyu weita tu."

Meneja alikuja mbio akijifuta jasho. Huyu meneja alikuwa kijana mpole aliyewaogopa wateja kuliko alivyomwogopa Mungu. Alimwomba Upepo asogee kaunta. Akamwomba afungue aproni aikung'ute. Zikadondoka kalamu, pini na kipande cha limau. Kisha akamwambia mwanamke wa kaunta amkague. Mwanamke yule alimpapasa Upepo kiunoni, kwapani, kifuani, mbele ya watu wanaotafuna, na baada ya muda hawakutafuna tena, maana vijiko vyote vilikuwa vimenyamaza. Upepo aliinua mikono. Ule wa kushoto, uliozoea kubeba, haukujua ufanye nini na wepesi ule. Hakusema neno. Alikuwa anamtazama binti yake, na binti yake alikuwa anatazama sakafu.

Ndipo simu ikalia. Ililia ndani ya koti lililotundikwa kitini, mfuko wa ndani, upande wa moyo. Bwana Kochi aliitoa, akaipokea, akazungumza kwa kirefu juu ya kabati la kupelekwa kwa mtu. Alipomaliza, meneja alisema basi tumshukuru Mungu. Bwana Kochi akavaa koti, na bila kumtazama Upepo akawaambia waliokaa:

"Si kitu. Weita wamezoea."

Akavuka barabara.

Upepo alifunga aproni na kumaliza zamu. Binti alimngoja nje siku hiyo, hakutaka ufunguo tena. Walitembea mpaka walipofika kwenye ukuta wa mwisho kabla ya nyumbani kwao, pale kwenye bomba la maji. Hapo mtoto akasimama.

"Mama, kabla haijalia, mimi nilidhani umechukua."

Upepo alimuuliza kwa nini.

"Kwa sababu hukusema kitu. Ulisimama tu."

Wazazi mnajua kuna maneno yanayoingia sikioni na mengine yanayoingia mfupani. Lile la Bwana Kochi liliingia sikioni, lingeweza kutoka. La mtoto liliingia mfupani. Na kwa kuwa mama hawezi kumlipizia mtoto wake, Upepo aliyachukua yote mawili akayaweka kwenye hesabu ya mtu mmoja. Alijiapia pale pale bombani: yule mwanamume atasema kwa kinywa chake, mbele ya mtoto huyu, kwamba alimsingizia. Hataki pole, hataki zawadi. Anataka kinywa kilichotema kilambe.

Tangu siku hiyo akaanza kumchunga binti kama mtu anavyochunga maziwa jikoni. Aliona hapiti tena barabara ya mkahawa, anazunguka kwa nyuma. Aliona anakula upesi na kuinamia vitabu asitazamane naye. Na siku moja, akianua nguo, alimsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia mwenzake wa shule kwamba mama yake anafanya kazi ofisini. Upepo alibaki na shuka mkononi. Ofisi zilikuwa juu ya mkahawa, ghorofa moja tu. Mtoto alikuwa amempandisha mama yake ngazi ili asimwonee haya.

Tuirudie ile kesho yake, siku ya pili baada ya simu. Bwana Kochi alikuja kula kama kawaida. Usiulize kama Upepo alifikiria chumvi. Alifikiria chumvi, akafikiria pilipili, akafikiria na mambo mengine yasiyosemeka. Lakini chakula kilikuwa kazi ya mpishi, na mpishi hakuwa amemkosea. Basi alimhudumia vizuri kuliko siku zote. Glasi haikupungua maji. Mwiba wa samaki ulitolewa. Alipoinuka, Upepo alimvutia kiti, akamshikia koti kwa mikono miwili, na kwa sauti ya asali akamuuliza:

"Umeangalia mfukoni, mzee?"

Kwenye meza ya jirani alikuwepo Mwalimu Nusu, aliyeyaona yote ya jana. Supu ikampalia. Alikohoa, akacheka, akakohoa tena, na safari hii hakufanya nusu. Bwana Kochi alitazama huku na huku kutafuta tusi alikamate, hakulipata. Kulikuwa na nini cha kukamata? Mhudumu amemkumbusha mteja asisahau simu yake.

Upepo alipoingia jikoni alisimulia, wakashikana mabega kwa kicheko. Mpishi tu aliingia wasiwasi, akakumbusha kwamba ya jikoni hayavuki mlango. Wote wakamgeukia Mzee Kitambaa. Yeye alikunja pembe moja, akaisimamisha, akaitazama.

"Hilo si jina," alisema. "Hilo ni swali. Sheria yetu haijasema kitu juu ya maswali."

Ikawa ruhusa. Tangu hapo yeyote aliyemhudumia Bwana Kochi, akiinuka, humuuliza. Wa sahani alimuuliza, wa chai alimuuliza, na mwanamke wa kaunta, ambaye mikono yake ilikuwa bado inamuwasha kwa kile ilichofanya, alimuuliza kwa adabu kubwa kupita wote. Mzee Kitambaa mwenyewe siku moja aliinuka kitini kwake, miguu yake hiyo, akachechemea mpaka mlangoni, akauliza, akarudi kukaa. Jikoni jina la Bwana Kochi likafa. Sasa oda ziliingia za Bwana Mfukoni.

Meneja alipogundua, alitaka kulizima swali. Alimwita Upepo nyuma ya kaunta akamwambia anajua anachofanya. Upepo akamjibu kwamba anachofanya ni kumjali mteja, kama anavyofundishwa kila wiki. Wakiwa katika kuvutana huko, Bibi Rudisha alikuwa anatoka, mhudumu mmoja akamuuliza naye kwa mazoea ya ulimi, kama ameangalia mfukoni. Bibi akatia mkono, akakuta funguo za nyumba hazipo, ziko chini ya kiti. Alirudi kaunta akamsifu meneja mpaka kijana wa watu akavimba shingo. Hakuwahi kusifiwa na Bibi Rudisha, hakuna aliyewahi. Siku ya pili akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mteja aulizwe.

Hivyo kisasi cha mama mmoja kikavishwa sare. Wateja wote waliulizwa. Kwa wengine swali lilitoka kama maji ya kunawa. Kwa mmoja lilitoka taratibu, likasimama kidogo katikati, na macho ya mkahawa mzima yakainuka kwenye sahani.

Bwana Mfukoni alikwenda kulalamika, na hapo ndipo Upepo alipojua amemshika pabaya. Meneja alimuuliza kwa upole, mzee, ubaya wa swali ni nini? Na ili aeleze ubaya, ilimbidi aeleze simu, aeleze koti, aeleze mwanamke aliyeinua mikono. Alifungua kinywa, akakifunga. Upepo alikuwa anafuta meza ya jirani. Aliifuta mpaka ikang'aa.

Akahama. Akawa anakula mkahawa wa ng'ambo ya barabara, karibu na duka lake. Asichokijua ni kwamba nyuma ya maduka yale kuna uchochoro, na katika uchochoro huo wahudumu wa mtaa mzima hukaa juu ya kreti za soda saa za mapumziko, wakivua viatu, wakiazimana aproni na kupeana habari. Siku ya kwanza alikula vizuri. Siku ya pili alikula vizuri. Siku ya tatu, alipokuwa anavaa koti, kijana mmoja asiyemjua hata kwa sura akamwinamia na kumuuliza kama ameangalia mfukoni. Alihamia wa tatu, ule wenye mapazia. Huko walimuuliza alipoingia.

Swali likashuka barabarani, na likishafika barabarani hakuna anayelimiliki. Mlinzi wa magari alimuuliza. Fundi viatu alimuuliza. Mafundi wake mwenyewe wa mbao, yeye akitafuta futi yake ya kupimia huku na huku dukani, walitazamana, na mmoja akashindwa kujizuia. Siku moja mke wa mtu, aliyekuja kuchagua meza ya kulia, alimwona akitafuta kalamu akamuuliza kwa wema kabisa, hajui lolote, ndivyo anavyosikia watu wa mtaa huu wakisema. Upepo aliyapata yote hayo kwenye kreti za soda na aliyala kama tunda. Mwenzake mmoja alimwambia, dada, sasa inatosha, mtu wa watu amekonda. Upepo alimuuliza kama ameshamwona mtoto wake akipita barabara ile. Mwenzake akatikisa kichwa. Basi haijatosha.

Alikuja mwenyewe, alasiri moja, viti vimeshapinduliwa juu ya meza na sakafu ina maji. Upepo alikuwa peke yake na ufagio, ila Mzee Kitambaa alikuwa kwenye meza yake, na vitambaa havina masikio. Bwana Mfukoni hakupiga makofi. Alisimama mlangoni na koti mkononi.

"Weita," alisema, kisha akajirudi. "Mama."

Upepo aliegemeza ufagio.

Alisema amechoka. Alisema ametumia miaka kujenga jina katika mtaa ule na sasa watoto wanamwimba. Alimwomba amwambie anachotaka, amalize. Upepo alimwambia. Jumamosi, saa ya chakula, meza ileile, aje amwambie binti yake alichofanya siku ile. Maneno hayo tu, na baada ya hapo hakuna mtu wa mkahawa atakayemuuliza tena, yeye mwenyewe atawaambia.

"Mbele ya watu?"

"Mimi nilikaguliwa chumbani?"

Mwanamume alivaa koti. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja.

Kumleta binti ilikuwa kazi kubwa zaidi. Alikataa katakata, hataingia pale. Upepo hakumweleza neno, aliogopa asije akamwahidi mtoto kitu kisichofika. Mtoto aliyekwisha kukuona ukinyamaza usimwonyeshe tena ukidanganywa. Alimwambia tu, njoo ule, siku moja katika maisha yako ule chakula ambacho mama yako hakukibeba. Jumamosi akatoka naye, mtoto amenuna mpaka magotini.

Kisha kukatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Binti alipoingia, Mzee Kitambaa aliinuka. Alichukua kitambaa cheupe, akakitundika juu ya mkono wake wa kushoto kama enzi zake, akamvutia binti kiti cha meza ya pili kutoka dirishani. Akamkunjulia kitambaa magotini. Akamuuliza angependa kuanza na nini. Yule mzee, aliyeitwa boi na weita na mhudumu, alimhudumia mtoto wa shule kama anavyohudumiwa mke wa waziri, na mtoto, aliyeingia amenuna, akajikuta amekaa wima.

Supu ikaja. Wali ukaja. Meza ya dirishani ikabaki tupu. Upepo alipita na sahani zake tatu, kila akipita anachungulia barabarani. Alikwisha kuanza kuipanga hasira upya, ya Jumatatu, ya mwezi ujao, ya kufuatana naye mpaka kaburini, alipoliona koti likivuka barabara.

Bwana Mfukoni aliingia. Vijiko vikapunguza mwendo. Hakukaa. Alisimama mbele ya meza ya binti, akakohoa, akaanza kwa kusema kwamba binadamu ni wa kukosea, na kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Upepo alikuwa nyuma yake na sahani zake mkononi.

"Hiyo ni methali, mzee," alisema. "Mimi sikuagiza methali."

Mtu mmoja akacheka puani. Bwana Mfukoni alitazama dirisha, akalitazama duka lake ng'ambo, labda akapima umbali. Kisha akamtazama binti, na akayasema.

"Siku ile nilisema mama yako amechukua simu yangu. Hakuchukua. Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilitafuta kila mahali isipokuwa kwangu, na alipoonekana hana kosa sikumwomba radhi."

"Na mwisho ulisema nini?" Upepo aliuliza.

Aliposema, alisema chini kwa chini, lakini feni ilikuwa moja na mkahawa ulikuwa kimya.

"Nilisema weita wamezoea."

"Sasa umesikia," Upepo alimwambia mtoto, wala hakumwambia yeye.

Hapo mwanamume aligeuka, akiwa mwekundu wa macho, na akafanya kitu alichodhani ni uungwana. Alimuuliza Upepo jina lake. Alisema ni aibu, miaka yote hii hajawahi kulijua, angependa kumwita vizuri.

"Jina langu lina wenyewe wanaolitumia," Upepo alimjibu. "Wewe niite weita tu. Ndiyo kazi yangu, sina ugomvi nayo."

Mwanamume aliaga kwa kichwa. Mkahawa mzima ulikuwa unangoja, maana hapo ndipo swali hukaa, hapo hasa, mtu anapouelekea mlango. Lakini Upepo alikuwa ameahidi, na wenzake wote walikuwa wameambiwa. Mwanamke wa kaunta alibana midomo. Mzee Kitambaa alitazama kitambaa chake. Hakuna aliyeuliza.

Na katika kimya hicho mkono wa Bwana Mfukoni ukainuka wenyewe. Hakuutuma, ilionekana wazi hakuutuma. Uliinuka kama unavyoinuka mkono wa mtu anayepunga nzi usingizini, ukaingia ndani ya koti, upande wa moyo, ukapapasa, ukaikuta simu, ukatulia. Ndipo mwenyewe akatambua. Alisimama pale mlangoni na mkono kifuani, mbele ya watu wote, hajui autoe au auache.

Upepo aliutazama mkono ule kama fundi anavyotazama kochi lililokamilika.

Bwana Mfukoni akatoka. Binti alikuwa amefuata mambo yote kwa macho, kijiko hewani. Alikirudisha kwenye sahani polepole, akajipangusa midomo kwa kitambaa cha Mzee, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kaunta:

"Si kitu, mama. Amezoea."

Upepo alijua hapo ndipo mama mwema humkemea mtoto wake. Alijua pia kwamba ulimi ule haukuokotwa barabarani, na kwamba ulimi wa namna ile ukishakaa kinywani kwa msichana hauna likizo. Atalifikiria hilo. Alikusanya sahani za mezani kwa binti, akaweka moja kwenye vidole, ya pili kwenye kiganja, ya tatu kwenye kiwiko, akausukuma mlango wa jikoni kwa kiuno, akaenda kumsimulia mpishi, ambaye alikuwa na mafuta motoni na hakuona kitu.